Ridyusa ya darubini: 0.63, 0.5, 0.7, au ukae bila? Ulinganisho kwa sisi wa Mombasa

Kaskazi ikishaanza kuvuma na mawingu kupungua, swali linalozunguka kwa wapenda nyota wa hapa pwani ni lile lile, nina darubini ya inchi 8, picha zatoka zimebana, ninunue ridyusa gani? Ushauri mwingi unaopatikana umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani ambao nyota ya kaskazini wanaiona kila usiku na vyombo vyao havijui chumvi ya bahari, kwa hiyo nimeona niziweke ubavu kwa ubavu zile ambazo mtu wa hapa anaweza kuzifikiria kweli, niseme ipi ningelipia pesa na ipi ningeiwacha. Msimamo wangu nautoa mapema: usianze na ridyusa, anza na kamera. Sensa yako ina upana wa milimita ngapi, na kutoka kwenye sensa hadi kwenye ridyusa patakuwa na milimita ngapi, hayo mawili ndiyo yanayoamua, bei na jina la kampuni yaja nyuma.

Kazi ya ridyusa yenyewe si ngumu kuelewa. Ni lenzi unayoifunga nyuma ya darubini, inaukunja mwanga zaidi kabla haujafika kwenye fokasi, urefu wa fokasi unapungua na unaona eneo kubwa zaidi la anga. Chukua Celestron C8, ile Schmidt-Cassegrain (darubini fupi nene ya vioo viwili) ya inchi 8 ambayo ndiyo ninayoitumia kama mfano humu mote. Ina urefu wa fokasi wa milimita 2032, yaani f/10 (urefu wa fokasi gawanya kwa upana wa kioo). Funga ridyusa ya 0.63 unakuwa na kama milimita 1280, f/6.3. Watu husema inaongeza mwanga, hapana, kioo chako ni kile kile cha milimita 203 na hakijaongezeka hata nukta, ila mwanga ule ule sasa umelundikwa kwenye pikseli chache, kila pikseli inapata kama mara 2.5 ya ilichokuwa ikipata, kwa hiyo nebula iliyokuwa inataka dakika 5 unaipata kwa dakika 2 hivi.

Mfano wa kuupima mwenyewe ni mwezi. Kwa C8 tupu mwezi mpevu unaangukia kwenye sensa ukiwa na upana wa milimita 18 hivi, na kamera ya kawaida ya Canon ya APS-C (jina la ukubwa wa sensa) ina sensa ya milimita 22.3 kwa 14.9, sasa 18 itaingia vipi kwenye 14.9? Haiingii, utakatwa juu au chini kila ukijaribu. Ukiweka 0.63 mwezi unashuka hadi milimita 11 na nusu, unaingia mzima na nafasi inabaki. Omega Centauri vile vile, lile fungu kubwa la nyota ambalo sisi tunaliona likipanda hadi digrii 46 juu ya upeo wakati watu wa London hawalioni kabisa. Lina upana wa kama dakika 36 za tao (digrii moja ni dakika 60, na dakika moja ni sekunde 60), na C8 tupu na hiyo Canon inakupa fremu ya dakika 38 kwa 25. Kwa 0.63 unapata kama 60 kwa 40, limeingia lote. (Bahati mbaya linakuwa juu saa za jioni mwezi wa tano, mvua za masika ndizo hizo, kwa hiyo wengi tunalivizia Februari na Machi baada ya saa sita usiku.)

Kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi zaidi kuliko mtu wa Ulaya. Mombasa tuko digrii 4 tu kusini mwa ikweta. Nyota ya kaskazini iko chini ya upeo, na ncha ya kusini ya anga iko juu kwa digrii 4 tu, ambayo ukiwa Nyali au Majengo imezama ndani ya majumba na ule ukungu wa chumvi, huioni. Kulinganisha stendi na ncha ya anga kwetu ni kazi, na stendi isiyolingana vizuri inaburura nyota. Ukiwa kwenye milimita 2032 kosa dogo linaonekana kwenye picha kama mstari, ukiwa kwenye 1280 kosa lile lile linapungua, na ekspoja ni fupi pia, basi umesaidiwa mara mbili. Hapo ndipo mimi naona ridyusa si mapambo kwa mtu wa hapa.

Na wenye stendi ya kupanda na kuzunguka, kama NexStar SE, ambayo picha yake hujipinda polepole kadiri nyota inavyotembea, sikilizeni hili kwa sababu ni neema ya mahali tulipo: karibu na ikweta kitu kilichoko mashariki kabisa au magharibi kabisa hujipinda kidogo sana. Nebula ya Orioni inapita karibu na utosi wetu, inaukosa kwa digrii moja na kitu tu. Ikiwa mashariki bado inapanda ni raha kuipiga, ikifika utosini picha inazunguka kama imechanganyikiwa na stendi yenyewe inahangaika. Piga mapema au subiri iteremkie magharibi, na hizo ekspoja fupi za f/6.3 zitakutosha.

Sasa tuje kwenye vyenyewe.

Ya kwanza ni hii 0.63 ya Celestron ya kufunga kwa thredi, ambayo inapunguza na pia inarekebisha kingo za picha. C8 ya kawaida nyota zake za pembeni huwa na mikia na uwanja umepinda, hii ina lenzi nne ndani na inaunyoosha uwanja kwa kiasi kizuri. Inaingia kwenye thredi ile ile ya nyuma ya C5, C6 na C8, yaani za inchi 5, 6 na 8. Mwanga unaopita bomba la ndani la C8 ukishapunguzwa unatoa duara la kama milimita 24, kwa hiyo sensa ndogo kama IMX533 ya kamera za astronomia, yenye ulalo wa milimita 16, imekaa ndani raha mustarehe. APS-C ina ulalo wa 27 au 28, kona zitaingia giza kidogo, hapo unapiga picha za flati (za kitu cheupe chenye mwanga sawasawa) na programu inasawazisha. Fulu fremu, sensa kubwa zaidi ya hiyo, usijaribu. Na C6 bomba lake la ndani ni jembamba zaidi, hivyo hata APS-C kona zitakuwa na giza la kutosha.

Lakini hii haina maana kama umbali wa nyuma umekosewa, na hapa ndipo pesa nyingi za watu zinapotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. 0.63 inataka milimita 105 kutoka kwenye ridyusa hadi kwenye sensa. Si hadi kwenye mwili wa kamera, hadi kwenye sensa yenyewe iliyoko ndani. Ukizidisha umbali inapunguza zaidi ya 0.63 na kingo zinaharibika, ukipunguza umbali inapunguza kidogo na kurekebisha kwenyewe kunalegea. Ukiwa na Canon hesabu inakuja yenyewe: adapta ya T ya Celestron, lile bomba la kuunganishia kamera, ina milimita 50, ringi ya T inayofunga kamera kwenye adapta pamoja na kina cha kamera hadi kwenye sensa ni 55, jumla 105, umemaliza, huna haja ya kununua kitu kingine. Ukiwa na kamera ya astronomia ya ZWO ambayo sensa yake iko ndani kwa milimita 17.5, weka adapta ile ile ya 50, kisha zile spesa (ringi za kuongeza umbali) mbili zinazokuja ndani ya boksi la kamera, moja 21 na nyingine 16.5, jumlisha uone, 105 kamili. Watu wanaziwacha zile spesa kwenye boksi halafu wanalalamika ridyusa ni mbovu. Na ukiweka filta katikati, kioo chake kinaongeza umbali unaohitajika kwa kama theluthi ya unene wake, filta ya milimita 2 yataka uongeze kama 0.7. Pima kwa kalipa, usikisie kwa jicho. Spesa ikikosekana madukani, fundi wa kerezo mzuri atakutengenezea ya alumini, ila mpelekee sampuli ya thredi mkononi, usimuelezee kwa mdomo.

Pembeni yake weka 0.5 ya inchi 1.25, ile ndogo ya bei rahisi inayofungwa kwenye thredi ya filta mbele ya pua ya kamera. Bei yake inavutia sana, na kwenye karatasi 0.5 inapunguza zaidi kuliko 0.63, unapata f/5, mara nne ya mwanga kwa kila pikseli. Hairekebishi chochote lakini. Ni lenzi ya kupunguza tu, uwanja unabaki umepinda na pengine unapinda zaidi, na uwazi wake ni mdogo kiasi kwamba ukiwa na sensa yoyote kubwa kuliko IMX585, ambayo ulalo wake ni milimita 12.8, unaona duara jeusi waziwazi. Hata hiyo 585 iko ukingoni. Pia ile 0.5 iliyoandikwa juu yake si ahadi. Lenzi yenyewe ina urefu wa fokasi wa kama milimita 100, na kiasi inachopunguza ni moja toa umbali gawanya kwa urefu wa fokasi: ukiiweka milimita 50 kutoka kwenye sensa unapata 0.5, ukiiweka 25 unapata 0.75, ukiiweka 70 unapata 0.3 na picha mbovu. Kwa mtu mwenye kamera ndogo ya sayari, anayetaka tu kuona nebula zikijitokeza moja kwa moja kwenye skrini ya laptopu kwa programu ya SharpCap, ekspoja za sekunde chache zikipangwa juu ya nyingine, hii inafaa na mimi ningemwambia chukua, iweke kwenye 0.6 hivi usiilazimishe. Kwa mtu anayetaka picha ya kuchapisha na kutundika ukutani, iwache.

Kwa hiyo kati ya hizo mbili, kwa C8 au C6 ya kawaida na kamera yoyote kuanzia IMX533 hadi APS-C, ningelipia 0.63 bila kufikiri mara mbili, hata kama itabidi usubiri miezi ukidunduliza. Kuna jambo la pikseli pia. Kamera zenye pikseli za maikroni 3.76 kwenye 2032 zinatoa sekunde 0.38 za tao kwa kila pikseli, na hewa ya usiku wa kawaida inaitawanya nyota kwa sekunde 2 au zaidi, kwa hiyo unagawa ukungu ule ule kwa vipande vidogo bila faida. Kwenye 1280 inakuwa 0.61, bado ndogo lakini yafaa zaidi. Hakuna undani wa nebula unaoupoteza hapo.

Sasa wewe ambaye huna kamera, unaangalia kwa jicho tu na watoto wa mtaani wanapanga foleni kuona. Wewe mwenzangu nakushauri usinunue ridyusa kabisa, au angalau usiinunue kabla ya kufikiria kitu kingine. C8 na lenzi ya jicho ya Plössl ya milimita 32 inakupa uwanja wa digrii 0.76. Ukiongeza 0.63 na lenzi hiyo hiyo unapata 1.2. Lakini ukinunua kioo cha kona cha inchi 2 na lenzi ya jicho ya inchi 2 yenye uwanja mpana, bila ridyusa yoyote, unapata kama 1.3, na vitu hivyo utaenda navyo hata ukibadilisha darubini kesho. Ridyusa ni nyepesi, haiangushi mizani ya stendi, na mara nyingi ni rahisi zaidi, hilo nalikubali, na kwa C5 na C6 ambazo bomba lao ni jembamba ridyusa ndiyo jibu zuri zaidi. Ila usiviweke vyote pamoja, ridyusa na kioo cha inchi 2 na lenzi ya inchi 2, njia ya mwanga inakuwa ndefu mno, kingo zinakatwa, umenunua mara mbili na uwanja haujaongezeka.

Na hakuna ridyusa ya C8 itakayokuingizia Kilimia chote. Nasema kwa sababu ni ombi la kwanza la kila mtu hapa, na si ajabu, ni nyota ambazo wazee wetu walipimia msimu wa kulima, ndiyo maana tunasema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kinaenea karibu digrii 2. C8 na 0.63 kwenye Canon inakupa digrii moja kwa dakika 40, utapata nyota zake angavu za katikati zimebana, zingine zinabaki nje. Nebula ya Carina vile vile, karibu digrii 2. Kwa hizo unataka darubini ndogo ya lenzi, mfano Sky-Watcher Evostar 80ED yenye milimita 600, na ridyusa yake ya 0.85 inaishusha hadi 510, f/6.4, fremu ya APS-C inakuwa digrii 2.5 kwa 1.7. Pale ridyusa kazi yake kubwa ni kunyoosha uwanja, kule kupunguza ni nyongeza, na umbali wake ni 55, yaani ringi ya T na kamera tu. Kama nyota za kona zinaelekea katikati kama miale, mara nyingi sensa iko karibu mno, ongeza spesa nyembamba, na kama zinazunguka katikati kama duara, iko mbali mno.

Wenye EdgeHD, toleo jingine la darubini hizi za Celestron, msinunue 0.63. Zile darubini zina lenzi za kurekebisha ndani tayari, na ile ya kawaida ikirekebisha tena juu ya marekebisho inaharibu. Yenu ni 0.7, iliyotengenezwa kwa ajili ya EdgeHD, na ya inchi 8 si ile ya 9.25 wala ya 11 wala ya 14, hakikisha kwenye boksi. Inakupeleka f/7, kwa inchi 8 umbali ni 105, kwa zile nyingine ni 146. Ghali, lakini nyota za kona zinatoka duara safi.

Kwa mwenye C8 ya kawaida na sensa ya APS-C anayetaka kona safi kuliko anazopewa na ile ya Celestron, ipo SCT Corrector ya Starizona, nayo ni 0.63, inaingia kama lenzi ya inchi 2 na inataka milimita 90.3. Ni bora kweli, ila kwa tofauti ya bei mimi ningetanguliza stendi nzuri. HyperStar ya kampuni hiyo hiyo ni habari nyingine kabisa: unatoa kile kioo kidogo cha mbele, unaweka lenzi na kamera mahali pake, C8 inakuwa karibu f/2, urefu wa fokasi karibu milimita 400, mara 25 ya mwanga kwa kila pikseli. Hata Kilimia kinaingia. Lakini fikiria kamera iko mbele nje, usiku wa Mombasa unyevu unatona kutoka kwenye kioo cha mbele hata bila kitu chochote, bila kinga ya umande na mkanda wa joto hutamaliza saa moja. Fokasi yake nayo ni kali, ukikosea kidogo tu nyota zote zimevimba. Sikukatazi, nasema hiyo si ridyusa ya kwanza ya mtu.

Wenye Newton na Dobson, zile darubini za kioo zisizo na lenzi ya mbele, poleni. Ridyusa inavuta fokasi ndani, 0.5 ikiwa milimita 50 kutoka kwenye sensa yataka uingize fokasi milimita 50 zaidi, na darubini nyingi za aina hiyo hazina nafasi hiyo. Mnachohitaji kwanza ni lenzi ya kurekebisha mikia ya nyota, kama Baader MPCC, ambayo haipunguzi kitu. Maksutov ya milimita 127, bomba jembamba, faida ndogo, bora ibaki kwenye mwezi na sayari. Na kwa sayari, iwe Mshtarii, Zohali au Mirihi, hakuna darubini inayotaka ridyusa, huko unaenda upande wa pili, unaweka Barlow, lenzi ya kurefusha fokasi.

Kuhusu kununua. Ukiagiza nje weka VAT ya asilimia 16 na ushuru mwingine akilini kabla hujashangilia bei ya mtandaoni, na sikwambii nauli. Kwa hiyo wengi huchukua iliyotumika, na 0.63 imeuzwa miaka mingi, zipo. Lakini kitu kilichokaa pwani kina adui wake: kuvu. Chukua tochi kali, wacha kifuniko cha upande mmoja tu, shikilia ridyusa iangalie gizani na umulike kutoka pembeni, si moja kwa moja. Vumbi utaliona kama nukta, halina neno. Ukiona nyuzi nyembamba kama mizizi au utando wa buibui, hasa kati ya lenzi na lenzi, hiyo imeingia ndani na kitambaa chako hakifiki, mrudishie hata akikupunguzia. Angalia thredi pia, ifunge na kuifungua kwa mkono bila nguvu, chumvi ikishakula alumini inakwama na siku moja hutaitoa nyuma ya darubini. Ukifika nayo nyumbani, iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na silika jeli, hata usiku mmoja usiiache imefungwa kwenye darubini darini.